Kupandikiza tishu kwenye kope: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara: mengine kabla ya upasuaji, mengine siku ya tatu baada yake, mgonjwa anapojitazama kwenye kioo na kushtuka. Jambo moja la lugha tulimalize mapema. Kiswahili kinatumia neno "kope" kwa kile kifuniko cha jicho na pia kwa nywele zake. Hapa kope ni kifuniko. Nyingine tutaziita nywele za kope. Na pale jibu la hapa linapotofautiana na alilokuambia daktari aliyelipima jicho lako, fuata la daktari wako.

## Mambo ya msingi

1. Kipandikizi ni nini, na kinatofautianaje na flapi?

Kipandikizi ni kipande cha tishu kilichokatwa kabisa kutoka sehemu moja ya mwili na kuhamishiwa nyingine. Kikishakatwa, hakina mshipa hata mmoja unaokiletea damu. Kitaishi iwapo tu pale kinapowekwa pana damu ya kukilisha.

Flapi nayo ni tishu inayohamishwa, ila haikatwi yote. Upande mmoja unabaki umeshikana na mwili, na damu inapita humo. Kipandikizi ni mche uliong'olewa ukapelekwa shamba jingine. Flapi ni tawi lililoinamishwa upande wa pili wa ua huku shina lingali mahali pake.

Shika tofauti hiyo. Masharti mengi utakayopewa, hata yale yanayoonekana ya ajabu, yanatokana nayo.

2. Kwa nini daktari asivute tu kingo za kidonda akashona?

Mara nyingi ndivyo anavyofanya, na ikiwezekana ndiyo njia bora. Pengo lisilozidi robo ya urefu wa kope kwa kawaida hufungwa moja kwa moja. Kwa mtu mzima ambaye kope zake zimelegea, hata theluthi inaweza kufungika. Pengo likikaribia nusu, daktari hukata kano inayoishikilia kope kwenye kona ya nje ili apate nafasi ya kuvuta, au husogeza ngozi ya upande wa panja. Likivuka nusu, hakuna cha kuvuta tena. Tishu lazima itoke kwingine.

Kuna hali nyingine ambayo wengi hawaitegemei. Ukingo wa kope unaweza kuwa mzima kabisa, ila ngozi ya chini yake imepungua kwa kuungua au kwa saratani iliyoondolewa. Hapo kingo za kidonda zikivutwa kutoka juu na chini, zitakutana vizuri kwenye meza ya upasuaji, na baada ya wiki chache kope ya chini itabinuka nje na jicho halitafumba. Kovu linalovuta kwa wima ndilo adui wa kope ya chini, na kipandikizi cha ngozi ndicho kinachojaza upungufu huo.

3. Kope ni ngozi tu. Kinywa na sikio vinaingiaje hapa?

Shika kope yako ya juu kwa vidole viwili, uivute mbele taratibu. Unachokishika ni chembamba, lakini kina matabaka mawili yenye kazi tofauti. Nje ni ngozi, nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili, haifiki unene wa milimita 1, na chini yake upo msuli wa kufumbia jicho. Ndani kuna bamba gumu linaloipa kope umbo, na juu ya bamba hilo umetandazwa utando laini wenye unyevu unaogusana na jicho. Bamba la kope ya juu lina kimo cha milimita 10 hivi; la kope ya chini ni kama milimita 4 tu.

Ngozi ya kawaida ikiwekwa upande wa ndani, itaikwaruza konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, kila unapopepesa, na mtu hupepesa maelfu ya mara kwa siku. Kwa hiyo ndani panataka kitu chenye unyevu, na mara nyingi chenye ugumu kidogo. Nje panataka ngozi laini inayokunjika. Ndiyo maana kipande kimoja kinaweza kutoka kinywani na kingine nyuma ya sikio, vyote kwa ajili ya kope ileile.

Sasa ile kanuni kuu. Pengo likipita kope nzima, nje hadi ndani, matabaka yote mawili hayajengwi kwa vipandikizi. Moja kati yake lazima liwe flapi yenye damu yake, ndipo la pili liweze kuwa kipandikizi kinachokula kutoka kwa mwenzake. Mwenye njaa hamlishi mwenye njaa.

4. Ni watu gani hasa wanaofanyiwa upasuaji huu?

Kundi kubwa ni la waliotolewa saratani ya kope. Kwa watu wenye ngozi nyeupe, nyingi ya saratani hizo ni ile ya seli za msingi za ngozi, ambayo hukua polepole na hupenda zaidi kope ya chini. Watu wenye ualbino hupata saratani za ngozi mapema kwa sababu ngozi yao haina kinga ya rangi dhidi ya jua, na kope hazisalimiki.

Ipo pia saratani ya tezi za mafuta za kope, nayo ina hila: hufanana na chokea au uvimbe wa kawaida wa kope. Chokea inayorudi palepale kwa mtu mzima, hasa ikiambatana na kunyonyoka kwa nywele za kope mahali hapo, ikatwe kipande kikapimwe.

Wengine ni waliopata ajali, walioumwa na mbwa, walioungua kwa moto au kemikali, watoto waliozaliwa na pengo kwenye kope, na watu ambao kope yao imekunjwa ndani au nje na kovu. Kuhusu vikope (ugonjwa wa trakoma), soma swali la 22.

5. Je, ni matibabu mapya, ya kujaribiwa?

Hapana. Mwaka 1875 daktari John Reissberg Wolfe wa Glasgow alieleza namna alivyotengeneza kope ya chini kwa ngozi ya mkono iliyokwanguliwa mafuta yote. Kipandikizi cha ngozi yenye unene wake wote, kinachotumika leo mwilini kote, madaktari bado wanakiita kwa jina lake. Njia ya flapi inayoazima bamba la kope ya juu kujengea ya chini ilielezwa na Wendell Hughes mwaka 1937, na ingali inatumika ikiwa na marekebisho.

## Tishu inatoka wapi

6. Ngozi inachukuliwa sehemu gani?

Chaguo la kwanza ni kope nyingine. Watu wengi, hasa waliovuka umri wa kati, wana ngozi ya ziada kwenye kope ya juu, na hakuna ngozi inayofanana na kope kama kope yenyewe. Daktari huibana kwa koleo ndogo kuona kiasi gani kinaweza kuondoka huku jicho likiendelea kufumba. Asipoibana mbele yako, muulize atajuaje kiasi cha kutoa.

Ikiwa haitoshi, hufuata ngozi ya nyuma ya sikio, ya mbele ya sikio, ya juu ya mtulinga, na ya upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Kadiri unavyoshuka kutoka usoni, ndivyo rangi na unene vinavyozidi kutofautiana. Ngozi ya kinena ina tabia ya kuwa nyeusi zaidi ikiwekwa usoni, na inaweza kuota nywele, haipendwi.

Ngozi ya paja iliyochunwa nyembamba, bila unene wake wote, huachwa kwa waliopoteza ngozi nyingi kwa moto. Inashika kirahisi, lakini inasinyaa sana, na kwenye kope kusinyaa ndiko tunakokukimbia.

7. Na tabaka la ndani?

Utando wa ndani wa shavu au wa mdomo wa chini hutumika pale panapohitajika unyevu bila ugumu. Anapoukata wa shavuni, daktari hukaa mbali na tundu la mfereji wa mate, lililo mkabala wa gego la pili la juu. Ukipitisha ulimi hapo utakihisi kijiuvimbe.

Panapotakiwa na ugumu, yapo machaguo manne ya kawaida. La kwanza ni kipande cha bamba la kope ya juu, pamoja na utando wake, kutoka jicho hilo au la pili. Daktari lazima aache angalau milimita 4 za bamba karibu na ukingo, la sivyo kope iliyotoa nayo itapinda. La pili ni utando wa kaakaa gumu: una ugumu wa kutosha na upo wa kutosha, ila sura yake ni ya kukwaruza kidogo, kwa hiyo madaktari wengi huutumia kope ya chini na kuukwepa ya juu, inayosugua konea kila ukipepesa. La tatu ni gegedu la ukuta unaogawa matundu ya pua, pamoja na utando wake. La nne ni gegedu la bakuli la sikio, ambalo halina utando na hutegemea utando wa jirani utambae juu yake.

Nikiulizwa lipi bora, nitasema bamba la kope yenyewe likiwepo la kutosha. Mengine ni mazuri. Hilo ndilo lililoumbwa kwa kazi hiyo.

8. Ndugu yangu yuko tayari kunipa ngozi yake. Inawezekana?

Haitadumu. Mwili wako utaitambua kuwa ya mtu mwingine na kuikataa, isipokuwa huyo ni pacha wako wa kufanana. Ngozi ya mtu mwingine hutumika kwa walioungua sana, kama bendeji hai ya muda tu. Habari njema ni kwamba kope inahitaji kipande kidogo, na karibu kila mtu anacho mwilini mwake.

9. Nimesikia wanatumia kondo la nyuma, na hata tishu za wanyama. Ni kweli?

Ni kweli. Utando wa amnioni, ule unaomzunguka mtoto tumboni, huchukuliwa kwa ridhaa ya mama, kwa kawaida baada ya upasuaji wa kujifungua uliopangwa, naye hupimwa magonjwa ya kuambukiza. Hutandazwa juu ya jicho au ndani ya kope kutuliza uvimbe na kusaidia utando uote upya. Hauna ugumu, kwa hiyo haujengi kope peke yake.

Zipo pia tabaka za ngozi zilizooshwa seli zote na kubaki kiunzi tu, za watu waliofariki au za wanyama, wakiwemo nguruwe na ng'ombe. Ikiwa chanzo chake kina uzito kwako kwa sababu ya imani, uliza kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa. Daktari hatashangaa, na karibu kila mara ipo njia nyingine.

10. Pale palipotolewa tishu patakuwaje?

Kope ya juu hushonwa kwenye mkunjo wake na kovu hupotea humo. Nyuma ya sikio hushonwa vilevile. Shavu na mdomo hupona haraka. Kaakaa huachwa wazi lijiponye, na nisikufiche, ndilo linalolalamikiwa kuliko jicho lenyewe: linauma, vyakula vya moto na vigumu havipiti, na hali hiyo huchukua wiki moja hadi mbili.

Wenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba kupita kiasi, waseme mapema. Kope zenyewe ni nadra sana kuota keloidi, lakini sikio na kifua ni maeneo yake mashuhuri. Mtu anaweza kupata kope nzuri na kubaki na uvimbe nyuma ya sikio.

## Siku ya upasuaji

11. Nitalazwa usingizi?

Watu wazima wengi hufanyiwa kwa sindano ya ganzi, pengine na dawa ya kutuliza. Sindano yenyewe ndiyo inayouma, kwa sekunde chache. Watoto, na wanaofanyiwa kazi kubwa inayogusa kaakaa au pua, hupewa nusu kaputi.

12. Kwa nini kipandikizi kimekatwa kikubwa kuliko kidonda?

Kwa sababu kitasinyaa. Daktari huinyoosha kope kwanza kwa uzi, aufungue upungufu wote, kisha anachukua kiolezo. Kiolezo hicho mara nyingi ni kikaratasi cha pakiti ya uzi: anakibandika kwenye kidonda, damu inachora mipaka yake, anakikata kwa mkasi, anakihamishia nyuma ya sikio na kukizungushia kalamu. Halafu anaongeza kidogo. Ngozi ikishatoka, huigeuza juu ya kidole na kukwangua mafuta yote kwa mkasi mdogo mpaka upande wa chini uwe mweupe unaong'aa, kwani mafuta huzuia damu mpya kuingia.

Ndiyo maana wiki za mwanzo kipandikizi huonekana kimevimba na kuzidi. Ngozi inayotosha sawasawa siku ya kwanza itapungua mwezi wa tatu.

13. Nimeamka jicho limefungwa kwa uzi. Nini kimetokea?

Kuna mambo mawili tofauti hapa, na watu huyachanganya. La kwanza ni uzi wa kuvutia: kope ya chini inafungwa kwa uzi hadi kwenye nyusi, au ya juu hadi shavuni, ili kipandikizi kibaki kimenyooka kinaposhika. Uzi huo hutolewa baada ya siku kadhaa.

La pili ni flapi kama ile ya Hughes, ambapo utando na bamba la kope ya juu vimeshushwa kujaza pengo la chini, kisha ngozi ikapandikizwa juu yake. Hapo jicho limefunikwa na daraja la nyama hai. Daraja hilo ndilo mfereji wa damu. Litakatwa kwenye upasuaji mdogo wa pili. Zamani ilikuwa baada ya wiki 6 hadi 8, na siku hizi wengi hulikata mapema zaidi. Muda wote huo huoni kwa jicho hilo, kwa hiyo panga kazi na safari zako mapema, na usiendeshe gari kabla daktari hajaruhusu. Kama hilo ndilo jicho lako pekee linaloona, soma swali la 21.

14. Saratani imeshatolewa. Kwa nini wanasubiri siku kadhaa kabla ya kupandikiza?

Wanasubiri jibu la maabara kwamba kingo ni safi. Kufunika saratani iliyobaki kwa ngozi mpya ni kosa baya: inaendelea kukua chini kwa chini, na itakapoonekana imeshaingia ndani ya tundu la jicho. Pia flapi iliyotumika itakuwa imepotea bure, na kope hazina akiba kubwa ya flapi. Penye maabara ya kupima kipande papo hapo, kazi yote humalizika siku moja. Kusipokuwepo, jicho hulindwa kwa mafuta ya dawa na bendeji kwa siku kadhaa, na hakuna kinachoharibika. Saratani ya tezi za mafuta huhitaji subira zaidi, kwani inaweza kuruka na kuacha visiwa mbali na ilipoanzia.

## Wiki za mwanzo

15. Kipandikizi kinaishi vipi bila mishipa ya damu?

Siku moja hadi mbili za kwanza kinafyonza majimaji kutoka chini yake, kama shashi kavu iliyowekwa juu ya tone. Hakina damu inayozunguka, kinavumilia tu. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, midomo ya mishipa midogo ya chini hukutana na ile iliyokatwa kwenye kipandikizi na kuungana. Kufikia siku ya tano hadi ya saba damu inazunguka, na mishipa mipya inaota kuingia.

Sasa fikiria tone la damu lililonaswa kati ya ngozi na kitanda chake, yaani tishu iliyo chini yake. Kipandikizi hakifiki kwenye chakula. Au fikiria mtu amejikuna usingizini: viungo vya mishipa vilivyoanza kushikana vimekatika vyote. Ndiyo sababu daktari hutoboa vitundu vidogo kwenye kipandikizi damu itoke, kisha hufungia juu yake kifurushi cha shashi yenye mafuta kwa nyuzi zile zile za pembeni. Kifurushi hicho hukaa siku 5 hadi 7. Kisilowe, kisiguswe, kisichunguliwe.

16. Kifurushi kimetolewa na ngozi ni nyeusi. Imekufa?

Pengine hapana. Siku hiyo ya kufungua, nesi anakata nyuzi moja moja, analowesha shashi kwa maji ya chumvi mpaka iachie yenyewe, na chini yake mara nyingi kuna kitu cha rangi ya zambarau, chenye unyevu, kimevimba. Mgonjwa akikiona anakata tamaa. Rangi hiyo ni ya kawaida: kipandikizi huanza kikiwa cheupe, kinapita kwenye zambarau kwa sababu damu inaingia kabla njia za kutoka hazijafunguka vizuri, kisha kinaelekea waridi. Kwenye ngozi nyeusi hatua hizi hazionekani waziwazi, hivyo ulaini na uvuguvugu wake husema zaidi kuliko rangi.

Wakati mwingine tabaka la juu kabisa hufa, likawa gamba jeusi, nalo likidondoka unakuta ngozi hai chini yake. Usilibandue. Dalili mbaya ni kipande kilichokauka, kigumu kama ngozi ya kiatu, kisichobadilika siku hadi siku. Hata hapo, kama ni sehemu ndogo na konea imefunikwa, daktari anaweza kukiacha kama bendeji wakati chini panapona, kisha akaangalia kama kope imevutwa.

17. Nini kinaua kipandikizi?

Damu iliyonaswa chini yake, kusogezwa, usaha, na kitanda kisicho na damu ya kutosha. Vitatu vya kwanza unaweza kuvipunguza: lala umeinua kichwa kwa mito, usiiname wala kunyanyua vizito kwa wiki moja hadi mbili, usisugue, na kunawa uso iwe kwa kupangusa pembeni.

Cha nne wengi hujiletea wenyewe kwa sigara. Nikotini hubana mishipa midogo, ile ile inayosubiriwa kuungana siku ya tatu. Kuacha siku ya upasuaji ni kuchelewa. Acha wiki kadhaa kabla, uendelee kukaa mbali baada yake. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huchelewesha kupona na kukaribisha usaha.

Aspirini, warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako. Kuna watu ambao kuziacha ni hatari kuliko damu kuvuja kwenye kope. Aliyekuandikia na atakayekupasua wazungumze.

18. Ni dalili gani hazisubiri kesho?

Maumivu makali yanayozidi, jicho kusukumwa mbele na kuwa gumu, na uoni kufifia. Damu inaweza kuwa inajikusanya nyuma ya jicho na kubana mshipa wa fahamu wa kuonea. Katika hali hiyo uoni unaweza kupotea moja kwa moja ndani ya saa chache. Usipige simu kuuliza. Nenda.

Siku hiyo hiyo pia umwone daktari ukipata usaha, homa, au hisia ya mchanga jichoni isiyoisha, kwani uzi unaweza kuwa unakwaruza konea.

## Miezi inayofuata

19. Itafanana na kope yangu ya zamani? Na nywele zake zitaota?

Umbo litakaribia, rangi itakaribia, kufanana kabisa sitakuahidi. Kipandikizi huendelea kulainika hadi mwaka, na jua la miezi ya mwanzo huweza kukitia weusi wa kudumu, kwa hiyo kofia pana na miwani. Ganzi juu yake hupungua polepole.

Nywele za kope hazitaota kwenye tishu ambayo haikuwa nazo. Zinaweza kupandikizwa kutoka nyusi au kichwani, lakini za kichwani hazijui kuwa zimehamishwa: hurefuka kama nywele za kichwa na lazima zikatwe, na zingine huelekea jichoni. Naona watu wengi wakiulizia nywele kabla ya kuulizia konea. Naelewa, uso ni uso. Lakini kope bila nywele inafanya kazi. Kope yenye nywele isiyofumba inapofusha.

20. Kope imeanza kuvutwa chini, na machozi yanatiririka. Nifanye nini?

Kusinyaa kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo kunatarajiwa. Jeraha likishafunga kabisa, na daktari akikuruhusu, sugua kipandikizi kwa kidole chenye mafuta, kope ya chini ukiisukuma kwenda juu, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Usiku paka mafuta ya dawa jichoni ikiwa halifumbi vizuri. Likibaki wazi licha ya hayo, huongezewa ngozi au kona ya nje hukazwa. Kurudia upasuaji ni sehemu ya kawaida ya kazi hii.

Machozi yana sababu mbili. Moja ni huko kubinuka, na hurekebishika pamoja nako. Nyingine ni vifereji vya machozi vilivyo kona ya ndani kuwa vimeondolewa pamoja na saratani. Kama sehemu ilibaki, huwekewa kijibomba cha silikoni kikae miezi kadhaa. Kama havipo kabisa, baadaye kinaweza kuwekwa kijibomba cha kioo kinachopeleka machozi puani.

## Hali zisizo za kawaida

21. Mgonjwa ni mtoto, au lile ndilo jicho pekee linaloona. Njia ni ileile?

Hapana, na sababu ni moja: flapi inayofunika jicho kwa wiki kadhaa haifai. Ubongo wa mtoto bado unajifunza kuona, na hadi miaka saba au minane jicho lililofunikwa linaweza kuzembea, likabaki na uoni dhaifu hata kama ni zima. Kwa mtu mwenye jicho moja, kulifunika ni kumfanya kipofu kwa mwezi.

Mpangilio hugeuzwa. Tabaka la ndani linakuwa kipandikizi, kwa mfano bamba kutoka kope nyingine, na la nje linakuwa flapi ya ngozi na msuli kutoka jirani. Kanuni ya swali la 3 inabaki. Kilichobadilika ni tabaka lipi linalobeba damu.

22. Nina vikope na nywele zinachoma jicho. Nahitaji kipandikizi?

Kwa kawaida hapana. Kovu la vikope liko ndani ya kope na huukunja ukingo kuelekea jichoni; upasuaji wa kawaida hukata bamba na kuugeuza ukingo nje, bila tishu kutoka kwingine. Utando wa mdomo huingia pale ambapo mtu ameshapasuliwa zaidi ya mara moja na kovu linarudi, au kope imefupika hadi haifumbi.

23. Kope ya juu na ya chini zote zimeungua. Zinatengenezwa pamoja?

Mara nyingi huanza moja. Ya juu ili inyooke lazima ivutwe chini, na ya chini lazima ivutwe juu. Zote zikifanywa siku moja, kila moja inamnyima mwenzake nafasi na zote mbili zinabaki fupi. Kama konea iko wazi hakuna kungoja kovu likomae, kwani jicho likikauka linatoboka. Vinginevyo, miezi ya subira hupunguza kusinyaa tena.

24. Nilishapigwa mionzi eneo hilo. Kipandikizi kitashika?

Kinaweza kushindwa, kwa kuwa mionzi huacha mishipa michache. Flapi kutoka eneo ambalo halikupigwa mionzi ni salama zaidi. Mpe daktari tarehe na kumbukumbu za tiba hiyo, hata kama ni ya miaka mingi nyuma.

25. Jicho lenyewe lilitolewa. Tishu inapandikizwa ya nini?

Ili jicho la bandia likae. Tundu lililosinyaa huongezewa utando wa mdomo, na kope zilizozama hujazwa kwa kipandikizi cha ngozi ya ndani pamoja na mafuta, kutoka tako au tumbo. Kwa watu wazima sehemu ya mafuta hayo hunyweka na mwili. Kwa watoto yanaweza kukua pamoja na mtoto, wakati mwingine kupita kiasi yakapunguzwa. Ganda la plastiki huwekwa humo wakati wa kupona. Likianguka lisafishwe na kurudishwa upesi, kwani tundu husinyaa haraka.

26. Je, naweza kukataa kupandikizwa na kuacha kidonda kijifunge?

Kwa baadhi ya vidonda, ndiyo, na si uzembe. Kona ya ndani ya jicho, pale panapobonyea karibu na pua, hujiponya vizuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kovu linavuta kuelekea pande zote na kujisawazisha. Kwa mzee dhaifu mwenye pengo dogo la kope ya chini, daktari anaweza kulipendekeza mwenyewe: mafuta ya dawa, bendeji, na wiki kadhaa. Kope ya juu haiachwi hivyo kwa mzaha, kwa kuwa ndiyo inayoipangusa konea. Muulize daktari wako swali hili jinsi lilivyo, kisha umwombe akuonyeshe kwenye kioo kovu litavuta kuelekea wapi.